Leseni ya klabu ya kikapu kwenye vitongoji vya Paris: mzazi analipia nini hasa?

Kwa mtoto wa miaka 7 hadi 12 anayekaa Saint-Denis, Évry, Créteil au Nanterre, leseni ya klabu ya mtaa, yaani usajili wa kucheza kikapu msimu mzima, inampa mengi kuliko bei yake. Kwa kijana wa miaka 13 hadi 15 mambo yanategemea sana klabu aliyoangukia, na ni katika umri huo vipaji vingi vya watoto wa wahamiaji hupotea bila mtu kujua. Kinachopimwa hapa ni leseni yenyewe: mtoto anapata nini, anakosa nini, na nini cha kukagua kabla hujatoa hela.

Tuanze na hela. Kila klabu hujipangia ada, mara nyingi kati ya euro 150 na 300 kwa msimu wa Septemba hadi Juni. Ndani yake kuna fungu la shirikisho la taifa, FFBB, fungu la ligi ya mkoa na bima. Klabu nyingi zinaendeshwa na watu wa kujitolea, na ukimwambia mweka hazina mapema mara nyingi atakubali hundi tatu au nne za kupeleka benki mwezi kwa mwezi. Msaada wa serikali uitwao Pass'Sport ulianza 2021 kwa euro 50 kwa watoto wa miaka 6 hadi 17. Mwaka 2025 ulipanda hadi euro 70, lakini kwa familia zinazopokea posho ya kufungua shule ukabaki kwa wenye miaka 14 hadi 17 tu. Mwenye mtoto mdogo apite ofisi ya meya aulize, maana manispaa kadhaa zina msaada wao.

Usajili hukwama kwenye barua pepe. Klabu inaingiza anwani ya mzazi, FFBB inatuma kiungo, mzazi anajaza taarifa, anapakia picha na kitambulisho, kisha anajibu dodoso la afya. Tangu 2021 mtoto hahitaji cheti cha daktari kama majibu yote ni hapana. Kiungo kikiangukia kwenye barua taka, mtoto atafanya mazoezi wiki kadhaa, halafu siku ya mechi ataambiwa akae benchi na nguo zake za nyumbani kwa sababu leseni haijathibitishwa. Suala la vibali lisikutishe: kwa sheria ya Ufaransa, aliye chini ya miaka 18 halazimiki kuwa na kibali cha ukaazi.

Leseni hii inang'ara zaidi kwenye mini-basketi, kikapu cha watoto wadogo. Watoto wa U9 (chini ya miaka 9) na U11 (chini ya miaka 11) wanacheza na mpira namba 5, mzunguko wake kama sentimita 70 na uzito chini ya gramu 500, kwenye ringi ya mita 2.60. Wakiingia U13 wanapewa mpira namba 6 na ringi ya kawaida ya mita 3.05. Wavulana wanashika namba 7, wenye takriban gramu 600, wakifika U15. Wasichana wanabaki na namba 6 moja kwa moja. Tofauti hizi si mapambo. Mtazame mtoto wa miaka 9 aliyepewa mpira wa kaka yake: anaushusha hadi kiunoni, anapinda mgongo, kiwiko kinatoka nje na mpira unasukumwa kwa mikono miwili kutoka kwenye nyonga. Ukiingia unapigiwa makofi, na mwili unakariri kosa. Miaka minne baadaye kocha anatumia msimu mzima kurudisha kile kiwiko chini ya mpira. Kwa hiyo ukimnunulia mtoto mpira wa nyumbani, nunua namba anayotumia klabuni leo, wala usinunue wa "atakuja kukua". Kabla ya kulipa, udondoshe kutoka mita 1.8: sehemu yake ya juu irudi kufika kati ya mita 1.2 na 1.4. Ukiishia kwenye goti la mtu mzima, upepo haumo au mpira wenyewe umechoka.

Klabu nzuri huijui kwa makombe yaliyo kwenye kabati la mlangoni. Nenda ukatazame kipindi kimoja cha mazoezi, kaa jukwaani na saa mkononi, hesabu mipira. Watoto 16 wakipanga mistari miwili na kila zamu ikichukua sekunde 10, kila mmoja anarusha mara moja kwa sekunde 80, yaani mara saba au nane kwa dakika 10. Muda uliobaki anasukumana na wenzake. Watoto haohao wakigawanywa wanne wanne kwenye ringi za pembeni, kila mtu na mpira wake, wanafika mara 30 bila shida. Kumbi nyingi za Ufaransa zina ringi hizo za pembeni. Kama zimekunjwa ukutani na hakuna anayezishusha, kocha ama hajafundishwa ama anafika amechelewa, na ada yako inaishia kwenye foleni. Angalia pia mkono wa kushoto: ndani ya saa moja na nusu, je, kuna zoezi hata moja linalomlazimisha mtoto kudunda na kumalizia kwa mkono dhaifu? Na kocha akisimamisha mchezo, anaeleza kwa sekunde 20 au anahutubia dakika tano?

Udhaifu mkubwa unaanza U13 na kuendelea U15. Klabu zinataka kushinda Jumamosi, na mtoto mrefu wa kabila lolote anapelekwa chini ya kikapu, mgongo kwa ringi, apokee pasi za juu. Akiwa na miaka 12 na sentimita 175 anafunga anavyotaka. Akifika 16 ana sentimita 185 tu, wenzake wamemfikia, na yeye hajui kudunda mpira akiwa anakabwa. Watoto wa wahamiaji wanaumia zaidi hapa kwa sababu kuna makocha wanaoona mwili tu. Victor Wembanyama, nyota Mfaransa wa NBA, aliingia klabu ya Nanterre akiwa mtoto na kucheza mechi yake ya kwanza ya wakubwa 2019 akiwa na miaka 15. Kinachowashangaza watu kwake ni mikono inayomiliki mpira kama ya mchezaji mfupi, urefu peke yake haungefanya hivyo. Mwulize kocha swali moja: mwanangu atacheza nafasi ngapi msimu huu? Jibu likiwa "ya ndani tu", tafuta klabu nyingine Juni.

Kipaji kikionekana, klabu itaomba apande daraja la umri. Kibali hicho kinahitaji daktari, na msimlaumu daktari akikataa. Kijana anayecheza U15 na U18 wikendi moja, akiwa katika ule mwaka wa kurefuka ghafla, mara nyingi huanza kuumwa kwenye kifundo cha mfupa kilicho chini ya kilegesambwa. Mfupa umetangulia, kano zinauvuta. Kumfunga bandeji na kumrudisha uwanjani hakutibu. Dawa ni kupunguza kuruka kwa wiki kadhaa, na timu moja badala ya mbili.

Kuna karatasi moja ambayo klabu haitakukumbusha. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, inamhesabu kama raia wa kuandikishwa mchezaji aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16, na timu ya taifa inaruhusiwa mchezaji mmoja tu wa aina hiyo. Mtoto aliyezaliwa Ufaransa na wazazi wa kigeni anaweza kuombewa uraia na wazazi tangu akiwa na miaka 13, kama ameishi huko kwa kawaida tangu akiwa na miaka 8. Ukiacha mpaka aupate mwenyewe akifika 18, unaweza kumfungia mlango wa timu za taifa za vijana.

Njia rasmi ya juu inapita kwenye kambi za mkoa ziitwazo pôle espoirs, kisha INSEP, taasisi ya taifa ya michezo jijini Paris, au vituo vya mafunzo vya klabu za kulipwa, shule ikiwa ndani yake. Mchujo wake unapitia makocha wa kamati na ligi. Anayekuja mlangoni kuomba pesa ili "amuunganishe" mwanao asikaribishwe chai: sheria ya michezo ya Ufaransa inakataza wakala kulipwa kwa mkataba wa mtoto.

Klabu nyingi huruhusu watoto kujaribu bure mwezi Juni. Nenda wakati huo, kwa sababu nafasi za U11 na U13 mara nyingi zimeshajaa shule zinapofunguliwa Septemba.