Uzoefu wangu na Snapseed: ngalawa ya mjomba na bahari ya masika

Picha niliipiga Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwezi wa Aprili, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Maji yamekupwa, mawingu yameziba jua, na ngalawa ya mjomba imelala mchangani peke yake, mlingoti bila tanga. Palikuwa na ukimya wa watu walioitazama mbingu wakaamua leo hawatoki.

Simu ikanipa kitu kingine kabisa. Ilipandisha mwanga yenyewe, mchanga ukawa mweupe pe, maji yakawa ya feruzi. Ikawa picha ya kunadia vyumba vya hoteli. Wiki nzima ilinikera, mpaka nikaamua kuihariri kwa Snapseed.

Programu hii ni ya bure, haina matangazo, na ukishaipakua unahariri hata bando likiisha. Ilianzishwa na kampuni ya Nik Software, ambayo Google waliinunua mwaka 2012. Mimi naitumia kwenye simu ya Android ya kawaida tu, wala haijawahi kunisumbua.

Nilianza kwa kunyoosha upeo wa macho. Picha ya bahari ikiinama hata kidogo, jicho linaona maji kama yanamwagika pembeni, na hakuna rangi itakayoficha hilo. Kisha nikaigusa hali ya joto la rangi, nikaivuta upande wa buluu, kidogo sana, kwa sababu ukizidisha asubuhi inageuka usiku. Halafu nikapunguza ukolezi wa rangi, taratibu, mpaka feruzi ikafifia na kubaki kijivu chenye ukijani kwa mbali. Hayo ndiyo maji ya masika ninayoyajua tangu utotoni.

Kilichonifanya niipende kweli programu hii ni zana ya kuchagua sehemu. Unagusa mahali, nukta inatokea, unatanua duara kwa vidole viwili, na mabadiliko yanashika zaidi sehemu zinazofanana rangi na pale ulipogusa. Nikaweka nukta tatu kwenye mawingu nikashusha mwanga. Mbingu ikashuka, ikawa nzito, lakini mlingoti haukuguswa. Nukta ya nne niliiweka ubavuni mwa ngalawa, pale mbao zilipolowa. Hapo nilipandisha mwanga, kiduchu tu, na ule unyevu ukang'aa mstari mmoja mwembamba kutoka omo hadi tezi. Picha nzima ina giza, ila jicho linakwenda pale. Nilikaa nikiutazama mstari ule hadi chai ikapoa.

Kosa nililifanya mwenyewe. Nilitaka mawingu yaonekane mikunjo, nikaongeza mno ukali wa maumbo, na ukatokea ukungu mweupe kuuzunguka mlingoti, kama umekatwa na kubandikwa. Nilidhani nimeharibu kazi ya saa nzima. Kumbe kila hatua imehifadhiwa kwenye orodha yake: unairudia ile moja tu, unaipunguza, na zilizofuata zinabaki palepale. Picha ya asili nayo haiguswi, ukihifadhi nakala. Kwa mtu anayejifunza, hilo peke yake linatosha kuichagua programu hii.

Nilipomwonyesha mjomba, aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na macho. Sikumwambia niliipiga lini. Akasema, "Mwanangu, siku hii hatukutoka."

Nikaipeleka kuchapishwa, na ikarudi nyeusi. Matengo yote mawili ya ngalawa, yale maboya ya mbao ya pembeni yanayoizuia isipinduke, yalizama kwenye kivuli. Kioo cha simu kina mwanga wake, karatasi haina, inategemea taa ya chumba, na mimi nilikuwa nahariri usiku huku kioo kimewashwa hadi mwisho. Nikairudia mchana, kioo nimekipunguza hadi katikati, nikainua vivuli peke yake na mbingu nikaiacha ilivyo. Nakala ya pili ndiyo iliyoko ukutani kwa mjomba sasa, mkabala na dirisha. Matengo yanaonekana, na ule mstari wa unyevu pia.