Taa ya kichwani au tochi ya mkononi?
Mi kwenye begi la kwenda porini taa ya kichwani ndo inaingia kwanza, tochi baadaye kama nafasi ipo, maana usiku ukiwa unafunga hema au unapika unataka mikono yote miwili na tochi utaishia kuing'ata mdomoni. Alafu nyingi zina mwanga mwekundu, huo hausumbui sana macho yaliyozoea giza, ukiwasha mweupe yanaweza kuchukua hata dakika 30 kuzoea tena. Tochi nayo nzuri kumulika mbali, na kwenye ukungu ishike chini kiunoni, ya kichwani mwanga wake unakurudia machoni kabisa. Zote mbili chomoa betri kabla hujapaki, zinajiwashaga zenyewe begini.