Stethoskopu ya fundi kwenye Subaru ya turbo: inachosikia na isichosikia

Ni stethoskopu ya gereji ya kawaida kabisa: vyuma viwili vya masikioni vyenye ncha za raba, mrija mmoja unaogawanyika, kikopo kidogo chenye bamba jembamba ndani yake, na fimbo ya chuma ya sentimita 20 hivi inayokazwa kwa uzi. Niliinunua Kirinyaga Road kwa shilingi 1,400. Gari ninalolifanyia kazi zaidi ni Impreza WRX STI yenye injini ya EJ207, lakini karibu yote ninayoyasema yanahusu pia Forester na Legacy zenye EJ20 ya turbo, maana ukoo wa injini ni mmoja, ule wa EJ.

Hukumu yangu niitoe mapema. Kifaa hiki hakikwambii nini kimeharibika. Kinakwambia wapi, na hasa wapi sipo. Kwa mwenye Subaru hapa Nairobi hilo pekee linarudisha bei yake, kwa sababu kila mlio usioeleweka chini ya boneti ya EJ huishia kwenye sentensi ileile: "Hii imenoki, tafuta injini," yaani beringi za ndani zimelika. Mara nyingi ni bati tu linalotikisika.

Kabla hujaivaa, pima oili. Gari liwe mahali sawa, injini izimwe, subiri dakika 5. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kisha ukichomoe tena. Kwenye EJ pande mbili za kijiti hazikubaliani kila mara. Amini ule unaoonyesha kidogo. Kati ya alama ya juu na ya chini ni kama lita 1, na injini nzima na filta yake inabeba takriban lita 4.5. Kwa hiyo aliye kwenye alama ya chini amepoteza karibu robo ya oili yake, na kwenye kona ndefu ya kasi bomba la kufyonza oili ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, linaweza kuvuta hewa. Ongeza kwanza, washa, sikiliza upya. Wapo wanaoanza kufungua nati kabla ya hatua hii.

Jambo la pili ni yale mabati ya kukinga joto kwenye heda, yaani mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye injini, na kwenye bomba linalopanda hadi turbo. Boliti zake zinaoza, bati linaanza kulia kama sarafu ndani ya kopo, na hulia kwenye mizunguko fulani tu, tuseme 1,800 au 2,200 kwa dakika, kisha hunyamaza. Likandamize kwa kijiti kirefu cha mbao injini ikinguruma. Mlio ukikatika, lizungushie klipu kubwa ya hosi ya chuma kisichoshika kutu, ukaze, umemaliza. Usiliache likilia huku ukisikiliza sehemu nyingine. Stethoskopu italisikia kila utakapogusa.

Sasa vaa. Vyuma vya masikioni vielekee mbele, kama pua inavyotazama, la sivyo husikii kitu. Usianzie mahali penye kelele. Gusa kwanza manifoldi ya kuingiza hewa ili sikio lizoee, kisha uguse injekta, zile pua zinazopulizia petroli, moja moja. Injekta zote nne zinapaswa kutoa tak-tak ya haraka, kavu na inayofanana. Hiyo ndiyo ninayoitumia kujua kwamba kifaa chenyewe ni kizima, na ndiyo inayowatisha wengi: mtu husikia injekta akadhani ni valvu.

Tahadhari moja isiyo ya mzaha. Feni za rejeta za Subaru ni za umeme na huwaka zenyewe wakati wowote injini ikiwa na joto. Mrija wa stethoskopu unaning'inia hapo hapo. Uingize ndani ya ovaroli, vua kofia ya hudi yenye kamba, na fimbo isielekee kwenye mikanda kamwe.

Milio ya upande wa mbele ni rahisi kuipunguza. Toa mikanda ya nje, yaani ule wa oltaneta na pampu ya stiringi, na ule wa kompresa ya AC, halafu washa injini kwa muda usiozidi dakika 1. Kwenye EJ pampu ya maji huendeshwa na mkanda wa taiming, ule wa ndani unaozungusha kamshafti, si mikanda hii, kwa hiyo maji yanaendelea kuzunguka. Taa ya betri itawaka, iache iwake. Mlio ukipotea, huna haja ya masikio tena: zungusha kila puli kwa mkono na uhisi ipi inakwaruza. Ukibaki, uko ndani ya kava ya taiming au nyuma zaidi.

Hapo kwenye taiming fimbo ina udhaifu. Kava ni za plastiki, na plastiki inakula sauti, kisha inaongeza mtetemo wake mwenyewe. Fungua kava ya pembeni, boliti za spana namba 10, ndipo uguse boliti ya tenshona, yaani kikaza mkanda, na ya kila puli mkanda ukizunguka mbele ya macho yako, vidole mbali. Tenshona ya EJ ni ya haidroliki. Ikichoka hugonga sekunde chache asubuhi, kisha hunyamaza, na mwenye gari hujizoesha. Asijizoeshe. Injini hizi za kamshafti mbili kila upande hazisamehe: mkanda ukiruka meno ya kutosha au ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Ukiona tenshona imetokwa na oili, badilisha pamoja na mkanda na puli zake zote. Pampu ya maji iko nyuma ya mkanda huohuo, nayo ibadilishwe siku hiyo, kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Mlio wa nyuma, injini inapoungana na giaboksi, jaribu kwa mguu kabla ya fimbo. Ukikanyaga klachi mlio ukanyamaza, usiiguse injini. Gari lililowekewa flaiwili nyepesi ya kipande kimoja hutoa mlio wa namna hiyo bila ugonjwa wowote.

Tufike kwenye kinachowakosesha watu usingizi: mlio wa kugonga kutoka chini ya injini, du-du-du nzito. Kipimo hiki hufanywa oili ikiwa moto, si maji peke yake. Sindano ya joto hupanda haraka, oili huchelewa. Endesha dakika 15 hadi 20. Kisha gari juu ya stendi, si juu ya jeki, ingia chini. Hapa kwetu usukani uko kulia, kwa hiyo silinda 1 na 3 ziko upande wa dereva, 2 na 4 upande wa abiria. 1 na 2 ndizo za mbele karibu na rejeta. Gusa bloku, karibu na sampu inapoanzia, usawa wa kila silinda. Mwenzako apandishe mizunguko hadi 2,500, aishike sekunde 2, aachie ghafla. Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) iliyolika husema pale pale mizunguko inapoanza kushuka: mapigo matatu manne mazito, halafu kimya au mnong'ono. Juu ya 3,000 kila kitu kinapiga kelele na kifaa hakina maana.

Kosa kubwa ni kuhukumu kwa nukta moja yenye sauti kubwa. Bloku ya EJ ni ya alumini, na alumini hubeba sauti mbali. Linganisha jozi: boliti ileile ya silinda 1 na ya 2, ya 3 na ya 4. Tofauti kati ya ndugu wawili ndiyo habari.

Ukishapata silinda unayoishuku, ikate. Chomoa plagi ya umeme ya injekta yake ikifikika. Isipofikika, ya koili inayotoa umeme wa cheche, lakini kwa koili usizidishe sekunde 10, maana petroli isiyochomwa inaenda moja kwa moja kwenye katalista, kisafisha moshi cha ekzosi. Taa ya injini itawaka, utaifuta baadaye. Mlio wa kugonga ukipungua au ukibadilika sana, mzigo wa mlipuko ndio uliokuwa ukiugonganisha, yaani ni konrodi au pistoni. Usipobadilika kabisa, rudi juu kwenye valvu na taiming.

Konrodi au pistoni? Joto linajibu. Pistoni inayopigapiga ukuta wa silinda hulia asubuhi ya baridi na kunyamaza chuma kikishapanuka. Mwezi wa Julai, gari likiwa limelala nje Limuru au Karen, STI nyingi nzima hulia hivyo dakika za mwanzo, na zilizowekewa pistoni za kufuliwa (forged) hulia zaidi kwa sababu huachiwa nafasi kubwa. Konrodi ni kinyume: oili ikipata moto huwa nyepesi, na mlio wa kugonga unazidi. Mlio unaokua kadiri injini inavyopata joto, zima, usiliendeshe hata hadi gereji. Ita gari la kuvuta.

Hata hivyo, sikio lisifungue injini peke yake. Kuna mashahidi wawili. Wa kwanza ni geji ya presha ya oili ya kimakanika: toa swichi ya presha iliyo chini ya oltaneta, uzi wake ni wa kiwango cha 1/8 BSPT, si kile cha Kimarekani cha NPT, na adapta isiyolingana itavuja au kupasua bloku. Kwa kipimo cha Subaru, oili ikiwa nyuzi 80, kiwango cha chini ni 98 kPa kwenye mizunguko 600 na 294 kPa kwenye 5,000. Yaani kama psi 14 na psi 43. Shahidi wa pili ni filta. Ikate, nyosha karatasi yake yote juani, igeuze taratibu. Vumbi linalomeremeta kama rangi ya gari, na lisiloshika sumaku, ni beringi. Mlio, presha iliyo chini na karatasi inayomeremeta vikikubaliana, hakuna cha kubishana. Mlio peke yake, bado.

Kitu kimoja hakisikiki kwa kifaa hiki, nacho kinachanganya kwa sababu ya maneno yetu wenyewe. Tunaita "kunoki" beringi iliyolika, na tunaita "kunoki" petroli inayolipuka kabla ya wakati wake. Huo wa pili ni kama kokoto zikitikiswa ndani ya kopo, na huja gari likiwa na mzigo, tuseme unapanda kuelekea Limuru gia ya nne mguu chini. Ukilisimamisha na kufungua boneti, haupo. Dawa yake si fimbo bali mashine ya kusoma kompyuta ya gari, uone ECU inarudisha taiming nyuma kiasi gani. STI ya soko la Japani imepangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya kule. Ukiijaza super ya kawaida na ramani ileile, usishangae.

Kwa uvujaji wa ekzosi, ondoa fimbo na utumie mrija mtupu kama pua inayonusa kwenye maungio ya heda. Tiki-tiki ya asubuhi inayofifia chuma kikipanuka, pamoja na masizi meusi kwenye gasketi, ndiyo hiyo. Kwa turbo inayolia kama king'ora, kifaa hakihitajiki: injini ikiwa baridi, toa hosi ya hewa, shika nati ya shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikicheza kwa kwenda mbele na nyuma, imekwisha.

Malalamiko yangu. Raba za masikioni ni ngumu na zinaumiza baada ya dakika 10. Mrija unakakamaa ukiuacha juu ya injini yenye joto. La kuudhi zaidi, uzi wa fimbo hulegea wenyewe, na fimbo iliyolegea hutoa mtetemo unaofanana kabisa na beringi ya puli iliyokufa. Zungushia uzi tepu nyeupe ya mafundi bomba mara mbili, uukaze kabla ya kila kazi. Bisibisi ndefu iliyowekwa kwenye mfupa wa sikio hufanya theluthi mbili ya kazi hii bure, ila inakulazimu kuinamisha kichwa karibu na feni, jambo ambalo silipendekezi kwa mtu yeyote mwenye nywele au shingo.

Zipo za elektroniki zenye klipu kadhaa unazozibana sehemu mbalimbali kisha unaendesha. Kwa beringi za magurudumu na milio ya difu hizo ni bora mara nyingi. Kwa injini iliyosimama hazijanishawishi kutoa pesa zaidi.

Ukifika dukani, ivae kwanza, kisha kwaruza ncha ya fimbo kwa ukucha, taratibu sana. Sauti isikike sawa masikio yote mawili. Upande mmoja ukiwa hafifu, mrija una tundu au bamba limekunjika. Irudishe kwenye kaunta uchukue nyingine.