Intaneti ya nyumbani Kitengela: uliza waya kabla hujalipia nyumba

Mpangaji wa ghorofa Kitengela hachagui kampuni ya intaneti. Jengo limeshamchagulia. Unaweza kuipenda ofa ya kampuni fulani mpaka basi, ukafika kwenye ploti ukakuta mwenye nyumba alishakubaliana na kampuni nyingine, na yeyote mwingine anayekuja kuvuta waya anarudishwa getini. Hapo bei zote ulizokuwa ukilinganisha kwenye simu hazina kazi tena.

Nilihamia huku kutoka Umoja Januari 2025. Nafundisha Kiswahili kwa Zoom, na wanafunzi wangu wengi wako Ujerumani. Wao wakitoka kazini saa kumi na mbili jioni, hapa ni saa mbili usiku wakati wa baridi yao, yaani saa ile ile mtaa mzima umeshakula na kila nyumba imefungua YouTube. Mume wangu naye wikendi ana mpira wake, na watoto wawili wana katuni. Kwa hiyo nilipokuwa natafuta nyumba sikuanza na jiko wala maji. Nilianza na kisanduku cha waya.

Kisanduku hicho kwa kawaida kiko kwenye ngazi, juu ya mita za stima. Mwombe keateka, yule mtunza jengo, akufungulie. Ukiona nyaya nyembamba nyeupe au nyeusi zinazotoka humo kwenda kwenye milango ya watu, hiyo ni faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga, inayofika mpaka ndani. Ukiona kidubwasha chenye taa za kijani zinazopepesa, na nyaya nene za bluu au kijivu zenye kichwa cha plastiki kinacholia "tak" ukikichomeka, faiba imeishia hapo chini, na huko juu unaletewa kwa waya wa kawaida wa kompyuta. Wote watakuambia ni faiba. Tofauti utaiona siku stima ikipotea, na Kitengela inapotea. Faiba inayofika mlangoni haihitaji umeme njiani. Ukiwa na betri ndogo ya rauta unaendelea na kazi yako gizani. Ile ya kidubwasha inazima na jengo zima, hata kama nyumbani kwako una sola, isipokuwa kama wenyewe wameweka betri huko chini. Wengi hawaweki.

Nyumba ya kwanza niliyoipenda, yenye vigae vizuri na balkoni inayotazama upande wa Athi River, ilikuwa ya kidubwasha. Nikamuuliza keateka kama kuna kampuni ya pili. "Mama, hapa ni waya mmoja tu, na huo ndio landilodi anajua." Nikamshukuru nikaondoka.

Jambo la pili ni kuuliza majirani, na usiulize mchana. Saa nne asubuhi kila intaneti ni nzuri. Mimi nilirudi jioni kwenye jengo nililokuwa nalifikiria, nikapanda juu kwenye kamba za kuanikia, nikakuta kina mama wawili wanaanua nguo. Nilichouliza ni kimoja: mpira ukiwa unaendelea, picha inakwama? Mmoja akacheka, akasema kwao inakwama Jumapili tu, tena si sana. Mwingine akanipa simu yake nipime spidi palepale. Alikuwa analipia Mbps 10 na zikasoma 9 na kitu, saa mbili na nusu usiku. Tangazo la barabarani haliwezi kukupa habari kama hiyo.

Sasa bei. Wakati nahama, Safaricom walikuwa na kifurushi cha chini cha faiba cha Mbps 15 kwa shilingi 2,999 kwa mwezi, kinachofuata ni Mbps 30 kwa 4,100, na Mbps 80 kwa 6,299. Bei hizo walikuwa nazo tangu Septemba 2024, walipoongeza spidi bila kupandisha bei. Ukiipata kwenye jengo lako na mfuko unaruhusu, chukua. Lakini faiba yao inafika mitaa fulani na kuruka mingine, na wakati mwingine inapita kwenye nguzo mbele ya geti lako bila kuingia. Kampuni moja kubwa, sitaitaja, iliniahidi mtu wa kuja kukagua jengo "ndani ya saa 48". Mpaka naandika haya hajafika. Kila nikipiga simu napewa namba mpya ya ombi.

Starlink, intaneti ya setilaiti, niliifikiria pia. Iliingia Kenya Julai 2023, na kifurushi chake cha kawaida kilikuwa shilingi 6,500 kwa mwezi, mbali na kununua sahani yenyewe. Tatizo wakati huo lilikuwa kwamba Novemba 2024 walisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani, Kajiado yetu hii ya Kitengela ikiwemo, kwa sababu nafasi ilijaa. Na hata wangeniuzia, mpangaji wa ghorofa ya tatu ataiweka wapi sahani? Paa ni la mwenye nyumba, na matangi ya maji yameshalijaza. Kwa mwenye boma lake nje ya mji, ambako hakuna nguzo yenye faiba, hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Zile rauta za 5G zisizo na waya, za Safaricom na Airtel, zina faida moja kubwa: ukihama unaibeba kwenye mkoba. Kwa mtu wa bedsita anayehama kila mwaka ningemshauri azijaribu kwanza. Mimi niliazima ya shemeji yangu kwa wikendi. Dirishani ilikimbia vizuri sana. Mezani pangu pa kazi, kuta mbili ndani, ilikuwa inapanda na kushuka, na kwa somo la Zoom bora spidi ndogo iliyotulia kuliko kubwa inayoruka.

Wengi hununua spidi kubwa kuliko wanayohitaji, kwa hiyo fanya hesabu. Mbps ni megabiti kwa sekunde, na megabaiti moja ina megabiti nane. Mbps 15 zitakuteremshia filamu ya GB 1 kwa kama dakika tisa. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD kamili inahitaji Mbps 5, na ya 4K inahitaji 15. Zoom haifiki 4, kwenda wala kurudi. Kwa hiyo somo langu, televisheni moja na simu za watoto, vyote pamoja, vinaingia kwenye Mbps 15 na nafasi inabaki. Kitu cha kuuliza zaidi ni spidi ya kupakia, ambayo matangazo huificha. Kuna vifurushi vinavyokupa 20 za kupakua na 3 za kupakia, na hapo ndipo mwanafunzi wako anakuona umeganda mdomo wazi.

Nilichochukua mwishowe ni kampuni ndogo ya mtaani. Siitaji jina kwa sababu inahudumia barabara chache tu za hapa. Ukihamia Ruiru au Rongai haina maana kwako. Huko utakuta zako. Nalipa shilingi 2,000 kwa Mbps 15, za kupakua na za kupakia sawasawa, bila mkataba. Unalipa kwa paybill, siku 30 zikiisha inakatika, ukilipa inarudi kabla hujaweka simu chini. Kufungiwa ilikuwa 1,500, rauta ni yao. Kabla ya kulipa niliomba kuona leseni yao ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kijana hakukasirika, akanionyesha kwenye simu. Akinuna, tafuta mwingine, maana wako wanaonunua laini moja ya nyumbani na kuigawia ploti nzima bila kibali, na siku wakikatiwa wao, na wewe umekatiwa.

Fundi alikuja Jumamosi. Alimenya waya, akapangusa kile kiuzi cha kioo kwa spiriti, akakikata kwa kikatio chake, akaweka ncha mbili kwenye mashine ya kuunganishia. Kwenye kioo chake kidogo unaziona zinasogeleana, cheche, zimekuwa kitu kimoja. Kisha akachomeka kipimo cha mwanga, kikasoma hasi 21; kadiri namba inavyoshuka ndivyo mwanga unavyofifia. Akaniambia, "Mama, ikifika hasi 27 ndiyo unipigie, hapo hata taa nyekundu itawaka." Nilimwomba asiukunje waya kwenye kona ya mlango, aupitishe kwa kuuzungusha, kwa sababu waya wa faiba ukikunjwa sana mwanga unavuja na namba hiyo inaharibika. Alinitazama kidogo, kisha akauzungusha.

Betri ndogo ya rauta niliinunua mwenyewe mjini. Inashikilia saa kama nne. Stima imeshapotea katikati ya somo, na mwanafunzi wa Leipzig alijua tu kwa sababu uso wangu ulikuwa mweusi kwenye kioo chake.

Mabaya yapo. Huduma kwa wateja ni namba moja ya WhatsApp, na Jumapili asubuhi fundi yuko kanisani. Laini ikikatika saa tatu utasubiri ibada iishe, basi tumia bando. Anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha laini yako mtandaoni, mnagawana wateja wengi, kwa hiyo anayetaka kuangalia kamera za nyumba yake akiwa mbali kwa njia ya zamani ya kufungua mlango kwenye rauta atahangaika. Na wadogo hawa wananunua intaneti kwa wakubwa, kwa hiyo mkubwa akiumwa wao wanalazwa. Wakubwa nao huumwa: Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, Afrika Mashariki nzima ilitambaa, mwenye kulipa elfu kumi na mwenye kulipa elfu moja na mia tano. Siku hizi namuuliza muuzaji swali moja zaidi, kwamba laini yake ya pili inatoka kwa nani. Wangu ana mbili, za kampuni tofauti. Jirani wa jengo la pili alipouliza huko kwake aliambiwa, "Laini ya pili ya nini, mama?"

Kwa mtu anayepakia video nzito kila siku, au mwenye ofisi yenye watu watano ndani ya nyumba, ningesema alipe zaidi kwa kampuni yenye timu ya mafundi na dawati linalopokea simu usiku. Kwa familia ya kawaida yenye mtu mmoja wa Zoom, 2,000 zangu zinatosha, na nimewapa nyota nne kwa tano. Ile moja ni ya Jumapili.