Chupa Nne za Mafuta ya Kula: Igeuze Chupa Kabla Hujailipia

Haya, karibuni ndugu zangu. Leo mezani nina chupa nne za mafuta ya kula: alizeti, zeituni, mawese na nazi. Majina ya kampuni nimeyafunika kwa karatasi kwa makusudi, kwa sababu tunachotaka kuchambua ni mafuta yenyewe na yanachofanyia ini na damu yako.

Ngoja niisogeze hii ya mawese karibu na kamera. Mnaona hapa mbele? Maandishi makubwa na kamchoro ka moyo: "Haina kolesteroli." Hii ya nazi nayo? Maneno yale yale. Na ni maneno ya kweli. Kolesteroli, au lehemu kama wengine mnavyoiita, inapatikana kwenye vyakula vya wanyama; kwenye mafuta ya mimea haipo kwa kiasi cha kutajika. Kwa hiyo chupa zote nne zinaweza kuandikwa hivyo, na wewe mnunuzi bado hujaambiwa lolote la kukusaidia kuchagua.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu maandishi hayo yalinipata mimi mwenyewe. Karibu mwaka mzima nilikuwa natia vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya nazi kwenye kahawa kila asubuhi, nikiamini nautunza moyo. Nilipopima damu, LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, ilikuwa juu, na kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha ini limeanza kujaa mafuta. Daktari akaniuliza natumia mafuta gani. Nikamjibu bila wasiwasi: "Ya mimea, daktari, hayana kolesteroli." Akaniambia nirudi na chupa. Niliporudi nayo, aliigeuza nyuma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja tu.

Mstari wenyewe ndio huu hapa, mafuta yaliyoshiba, kwa Kiingereza "saturated fat". Tuusome pamoja. Alizeti, karibu gramu 11 katika kila gramu 100 za mafuta. Zeituni, kama 14. Mawese, karibu 50, yaani nusu ya chupa. Nazi, zaidi ya 80. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya nishati unayokula kwa siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hiyo ni gramu 22 hivi. Vile vijiko vyangu viwili vya nazi peke yake vilikuwa vinanifikisha hapo, na sijagusa chakula.

Sasa mtu atauliza, kama chupa haina kolesteroli, ya kwangu ilipanda vipi? Jibu liko kwenye ini. Kolesteroli nyingi uliyonayo mwilini imetengenezwa na mwili wako wenyewe, na ini ndilo fundi mkuu. Ini hilo hilo ndilo linaloisafisha damu: seli zake zina vipokezi vinavyoidaka LDL ikipita na kuivuta ndani. Ukila mafuta yaliyoshiba kwa wingi, vipokezi hivyo vinapungua kazi, na LDL inabaki inazunguka kwenye mishipa. Mafuta ya alizeti, soya au mahindi, yenye asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo ni aina ya mafuta yasiyoshiba, yanafanya kinyume chake. Ndiyo maana ukiondoa yaliyoshiba ukaweka haya mahali pake, LDL hushuka. Angalieni neno hilo, mahali pake. Kuyaongeza juu ya yale ya zamani ni kujiongezea mafuta tu.

Kuhusu ini kujaa mafuta, kuna jaribio la Uppsala, Sweden, lililochapishwa mwaka 2014, ambalo nalipenda kwa sababu ni rahisi kulielewa. Vijana 39 wenye uzito wa kawaida walipewa vikeki vya ziada kila siku kwa wiki 7. Wengine vikeki vyao vilikuwa na mafuta ya mawese, wengine ya alizeti. Tofauti ilikuwa hapo tu. Wote walinenepa sawa, kama kilo 1.6. Lakini walipopimwa kwa mashine ya MRI, waliokula mawese walikuwa wamejaza mafuta mengi zaidi kwenye ini, na wale wa alizeti walikuwa wamejenga misuli zaidi. Ni watu wachache, na ni muda mfupi, nakubali. Ila mizani ya bafuni isingekuambia chochote kuhusu tofauti hiyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaowatisha watu kwamba mafuta ya mbegu, kama haya ya alizeti, ni sumu inayowasha mwili moto, yaani inayoleta uvimbe wa ndani. Watu wamelishwa asidi ya linoleiki katika majaribio yanayosimamiwa, wakapimwa damu, na dalili hizo za uvimbe hazikupanda.

Jana usiku chupa zote nne nilizilaza kwenye friji. Tazameni. Ya nazi ni jiwe, hata kijiko hakipenyi. Ya mawese imeganda nusu. Ya alizeti inamwagika kama maji. Ya zeituni imeweka ukungu, lakini msiihukumu kwa hilo, ina nta kidogo za asili zinazoganda kwenye baridi. Kwa hiyo friji inakupa fununu, namba za nyuma ndizo zinazokupa jibu.

Na kama kwenye orodha ya viungo umekuta mafuta "yaliyotiwa haidrojeni kwa sehemu", rudisha chupa. Hayo yana mafuta ya transi, yanayopandisha LDL na kushusha HDL, ile nzuri, kwa wakati mmoja. Denmark iliyawekea ukomo tangu 2003. Chupa ikiandikwa "mafuta ya mimea" tu bila kutaja mmea, mimi nahesabu ni mawese hadi nithibitishiwe vinginevyo.

Haya, tupime. Hii ni sufuria yangu. Namimina alizeti kwa mkono, kama ninavyofanya siku zote nikipika... hapo. Sasa nayarudisha kwenye kijiko. Moja. Mbili. Tatu. Na haya yaliyobaki, karibu nusu. Kijiko kimoja kikubwa ni kalori 120, basi hapo kuna zaidi ya 400 kabla kitunguu hakijaingia. Ini halikusamehi kwa sababu umechagua chupa nzuri. Ziada inahifadhiwa vile vile.

Kwa hiyo kwangu mimi, alizeti na zeituni zinakaa jikoni, na kijiko kimefungwa kwa uzi kwenye shingo ya chupa. Mawese mara moja moja. Nazi nimeihamishia bafuni, ni ya ngozi. Baada ya miezi mitatu LDL yangu ilishuka, ingawa nilianza pia kutembea kila jioni, kwa hiyo siwezi kuipa chupa sifa yote. Kama wewe umeandikiwa dawa ya kolesteroli, usiiache kwa sababu umebadilisha mafuta, mwulize aliyekuandikia. Kipimo cha ini narudia mwezi ujao, na picha zote mbili, ya kwanza na mpya, nitaziweka hapa mezani mzione.