Kalsiamu naitreti: mbolea nzuri iliyopewa sifa isiyo yake

Mbolea ya kalsiamu naitreti, inayopatikana katika maduka mengi ya pembejeo jijini Mbeya, niliuziwa kwa maelezo kwamba "inaamsha kinga ya mmea" na hivyo ingenipunguzia gharama za dawa ya ukungu. Lebo haikusema hivyo. Bidii hiyo ilikuwa ya muuzaji.

Kama mbolea, sina malalamiko. Huyeyuka upesi, naitrojeni yake ya asilimia 15.5 hufyonzwa bila kuchelewa, na kalsiamu huimarisha kuta za seli, kiasi kwamba nyanya zangu za Uyole, ambazo pia sikuziacha zikauke, zilitoa matunda machache mno yaliyooza kitako.

Ni kweli pia kwamba kalsiamu ni miongoni mwa ishara za mwanzo kabisa za mmea ulioshambuliwa. Utafiti uliofanywa kwa mmea mdogo uitwao Arabidopsis umeonyesha kwamba kipokezi cha FLS2, kikitambua kipande cha mkia wa bakteria, huamsha kimeng'enya cha BIK1, ambacho nacho hufungua njia za kuingiza kalsiamu kwenye seli, na ulinzi ukaanza. Lakini ishara hiyo huendeshwa na mmea wenyewe: kalsiamu huru ndani ya seli huwa pungufu takriban mara 10,000 kuliko ya nje, na ikishaingia, pampu huanza kuitoa au kuihifadhi kwenye vakuoli, yaani kifuko cha akiba ndani ya seli, kwani ikikaa juu kwa muda mrefu seli hufa. Mmea wenye njaa ya kalsiamu hudhoofika, naam, ila kuuongezea ule ulioshiba si kuupigia kengele ya hatari. Kwenye viazi, matuta niliyoyawekea na niliyoyaacha yalipata bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na viazi, karibu wakati mmoja, ukungu wa asubuhi ulipozidi, na yote yalihitaji dawa.

Kwa viazi, iwekwe udongoni karibu na mizizi inayozunguka viazi vyenyewe, kwa sababu kalsiamu hupanda na maji kwenda majani na hairudi chini kwa urahisi. Isichanganywe na DAP (mbolea ya fosfeti) wala mbolea ya salfeti katika ndoo moja, maana huganda na kuziba bomba, onyo ambalo kwenye mfuko wangu liliandikwa kwa Kiingereza tupu. Ukishaufungua, ufunge kabisa. Kwa unyevu wa huku, mbolea hii hugeuka uji.