Miezi 14 na Subaru STI iliyochezewa: kazini, shuleni, hadi Lushoto

Kwa wenye haraka: inawezekana kuitumia kila siku, ila mguu wa kushoto utaisoma namba.

Gari lenyewe ni Impreza WRX STI ya 2005, ile ya soko la Japani. Injini EJ207 ya lita 2, turbo, gia 6 za mkono, breki za Brembo, farasi 280 kwa karatasi za kiwandani. Niliinunua mkononi kwa mtu hapa Dar, na alikuwa ameshaigusa kila mahali: shokapu za kuishusha, klachi ya mashindano, intakula kubwa (kipoza hewa ya turbo) nyuma ya bampa la mbele, bomba la moshi lenye mdomo kama sufuria, viti vya kubana mbavu, na kompyuta ya injini iliyopangwa upya. Mimi naishi Mbezi, kazi Posta. Ni zaidi ya kilomita 20 kwenda, hizohizo kurudi, na njiani kuna mtoto wa kushusha shule.

Nianze na klachi, maana ndiyo nusura initoe kwenye mchezo. Klachi ya kawaida inashika taratibu, gari linatambaa. Hii haina katikati, imeshika au haijashika. Sasa jiweke kwenye foleni ya Kimara saa kumi na mbili asubuhi, mabasi ya mwendokasi yanakupita pembeni. Gari la mbele limesogea nusu mita. Ukilifuata, lako linaruka kama chura. Usipolifuata, daladala imeshachomekea. Wiki ya kwanza nilifika ofisini, nikashuka, goti likawa linatetemeka lenyewe. Nikasimama pale maegesho najifanya nasoma meseji hadi litulie. Nilichojifunza ni kuacha pengo la magari mawili na kutiririka na gia ya kwanza bila kugusa klachi. Watachomekea, waache. Mwezi wa nne niliing'oa, nikafunga ya kiwandani. Niliambiwa haitabeba nguvu za gari hili. Imebeba hadi leo, kwa sababu siondoki kwenye taa kama nakimbizwa.

Joto nalo. Intakula ya mbele inapoza hewa vizuri sana ukiwa kwenye mwendo, lakini kwenye foleni hakuna mwendo, na yenyewe imekaa mbele ya rejeta kama mtu aliyesimama mlangoni. Februari, saa nane mchana, nilikuwa nazima AC kuokoa injini na kufika kwa mteja shati limenigandia mgongoni. Feni mpya ya rejeta ilipunguza tatizo, haikulimaliza.

Hapa kwenye mlio najua nitagombana na watu. Ule mdundo ambao kila mtu anauita mlio wa Subaru unatokana na mabomba ya ekzosi yenye urefu usiolingana: moshi wa upande mmoja wa injini unachelewa kuufikia wa upande wa pili. STI ya Japani ya miaka hii haina mdundo huo, kwa sababu mabomba yake yanalingana na turbo yake ina njia mbili za kupokea moshi, ndiyo maana inaamka mapema. Ndugu aliyeniuzia alitaka mdundo. Akang'oa mabomba ya kiwandani, na kwa kuwa hayo mapya hayakuingiliana na turbo ile, akang'oa na turbo, akafunga nyingine. Matokeo yake, chini ya mizunguko 3,500 kwa dakika gari limelala, na mjini unaishi chini ya mizunguko 3,500. Kanunua kelele, kalipa kwa nguvu. Mzee jirani yangu aliniambia bila hasira, "Kijana, tangu uje na hilo gari jogoo wangu hana kazi." Faini ya 30,000 nimeshailipa pia, si mara moja.

Mafuta: foleni inanipa kilomita 5 hadi 6 kwa lita, safari ndefu 9. Tangi ni lita 60, piga hesabu mwenyewe. Jambo kubwa zaidi ni kwamba injini hizi Japani zilinyweshwa petroli ya oktani karibu 100 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kulipuka kabla ya wakati), na ya pampu zetu haifiki huko. Mpangilio niliorithi ulikuwa unaifanya injini igonge, yaani mafuta yalipuke kabla ya wakati, ukikanyaga kwa nguvu gia ya nne. Nilimlipa fundi wa kompyuta akashusha presha ya turbo na kurudisha nyuma muda wa cheche. Ukinunua gari la namna hii, hiyo iwe kazi ya kwanza kabla hata ya kuliosha. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000, na dipstiki naichungulia kila Jumamosi.

Siku ya mvua kubwa ndiyo niliogopa kweli. Nakaribia Jangwani, maji yameshapanda barabarani, magari madogo yanapita. Nikakumbuka kwamba chujio la hewa la "mbio" limefungwa chini kabisa, ndani ya madigadi ya tairi la mbele. Maji ya kufika nusu ya tairi yangeingia moja kwa moja kwenye injini, na injini haiwezi kugandamiza maji. Kinachopinda ni mikono ya pistoni. Niligeuza. Kesho yake nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, kutafuta boksi la chujio la kiwandani, nikalipata siku ya tatu.

Mama mkwe alipanda mara moja. "Baba Nuru, kiti hiki kimetengenezewa nani?" Kushuka alivutwa na watu wawili.

Basi kwa nini bado ninalo? Desemba tulikwenda Lushoto. Kutoka Mombo barabara inaanza kupanda Usambara, kona juu ya kona, ukuta upande huu, bonde upande ule. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami inang'aa. Gia ya tatu, turbo imeamka, tairi nne zote zinavuta, na kila nikikata usukani gari linakwenda palepale nilipotazama. Mtoto alikuwa anacheka kila kona. Mama yake alishika mpini wa juu ya mlango lakini hakuniambia nipunguze.

Sasa hivi limerudi juu sentimita 4, matuta ya mtaani kwetu napita bila kukata mshazari. Mabomba yanayolingana nimeshayapata, turbo ya asili bado naitafuta. Viti vya kubana viko stoo. Mama mkwe kila akipiga simu anauliza kama vimeshauzwa.